Honda CG125 ya zamani gerejini nyumbani: usikubali itolewe injini yake ya asili

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu nimeuanzisha kwa sababu moja. Hapa Nairobi ukimfikishia fundi CG125 ya zamani iliyolala ghalani miaka na miaka, hata kiki hajaigusa atakuambia: hiyo injini tupa, nunua mpya ya boda, kesho unaendesha. Nimeyasikia hayo Grogan, nimeyasikia Kariobangi, na nayasikia kwa majirani wakipita Jumamosi na kuona mlango wa gereji uko wazi. Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini, kwa faida ya yeyote mwenye pikipiki kama hii kwa mzee wake kijijini.

Kwanza tujue tunachoshika mkononi. CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda walikuwa tayari na CB125, injini nzuri yenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) juu kichwani, lakini katika nchi ambako pikipiki inabeba magunia, inakula vumbi, na oili inabadilishwa siku ikikumbukwa, kamshafti ile ya juu ililika upesi. Kwa hiyo wakaishusha kwa makusudi. Ikakaa chini karibu na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ikaendeshwa kwa gia badala ya cheni, na ina nundu moja tu inayoinua valvu zote mbili kupitia fito ndefu. Cheni ya nyuma wakaifunika yote isiingiwe na mchanga. Tundu la silinda ni milimita 56.5, mwendo wa pistoni ni 49.5, jumla cc 124. Hakuna kilichozidi na hakuna kilichopungua. Naipenda sana kazi ya watu wale: walimfikiria mtu wa barabara ya murram aliye mbali na fundi.

Muundo huo ndio ulionakiliwa China, na ndio umejaa mitaani kwetu ndani ya boda nyingi za Kichina za cc 125 na 150. Anayekuambia utoe ya asili uweke ya boda anakuambia umtoe mzazi umweke mwana. Na kwa kuwa ni ukoo mmoja, vipuri vingi utakavyohitaji kuokoa injini ya zamani vimejaa dukani, bei ya boda. (Boxer haimo katika ukoo huu. Kamshafti yake iko juu, usije ukanunua vipuri vyake kwa kuambiwa "zote ni 125".)

Kabla ya spana yoyote, tafuta logbook, kadi ya umiliki. Soma namba ya injini na ya fremu zilizopigwa kwenye chuma, ulinganishe na karatasi. Hapa ndipo sababu ya pili ya kutobadili injini ilipo: ukiweka nyingine, namba haisomi tena kama logbook, na itabidi uende NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kubadilisha maelezo, pamoja na ukaguzi. Kama mwenye jina kwenye karatasi ameshafariki, malizeni mambo ya urithi kwanza, ndipo mtumie pesa. Kuna watu wamerembesha pikipiki ya marehemu na baadaye familia ikakaa kikao juu yake.

Sasa injini iliyokwama. Mara nyingi haijafa. Ringi zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina dizeli au oili ya gia za otomatiki tunduni, iache ilale siku kadhaa huku ukiongeza. Kisha weka gia ya juu kabisa na usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, kidogo kidogo. Usipige kiki kwa hasira, utavunja meno ya gia yake. Usipige pistoni kwa nyundo kutoka juu, hata kwa kipande cha mbao, kabla hujaipa oili muda wake.

Jambo linaloharibu pikipiki za Kijapani kuliko ajali ni bisibisi. Skrubu za CG si za msalaba wa kawaida tuliouzoea. Ni za kiwango cha Kijapani, JIS, na mdomo wake ni tofauti kidogo. Ukitumia bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa cha skrubu, halafu linakuja tindo, halafu kava inapasuka. Nunua bisibisi ya JIS moja nzuri, pamoja na ile bisibisi ya kugongwa kwa nyundo inayozunguka yenyewe ikipigwa. Hizo mbili zina faida kuliko seti nzima ya spana zinazong'aa.

Piga picha kila kitu kabla ya kukifungua. Kila kundi la bolti liwe na mkebe wake ulioandikwa.

Mdau wa Rongai

Mkuu, heshima kwako, lakini tuseme ukweli. Injini nzima ya boda inapatikana mpya, ina gia, ina klachi, ina kila kitu. Wewe unataka niende kwa mtu wa mashini, nitafute ringi, ninunue gasketi, nihangaike na platini (kile kikata umeme cha plagi). Kwa mtu anayetaka tu kupanda kwenda kazini, kuna faida gani?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Rongai, kama lengo ni kufika kazini Jumatatu, nunua boda, na hutanisikia nikikulaumu. Lakini ukishachukua pikipiki ya miaka arobaini na kuamua kuirudisha, tayari hutafuti usafiri tu. Unatafuta kile kitu chenyewe.

Hata kwa hesabu ya chuma, hoja ipo. Nimefungua injini za aina zote mbili. Ile ya Honda ya zamani, ikiwa imepata oili, unakuta gia zake bado zina kingo safi, na mifuniko inakaa bila silikoni. Kitu kinachokufa kwake kwa kawaida ni silinda, ringi, valvu, na platini. Hivyo vyote ni vya kubadilishwa au kupimwa. Unatupaje krenki nzima na gia nzuri kwa sababu ya ringi?

Pima kwanza. Ukishafungua silinda, shika fito ya pistoni uivute juu na chini. Kusogea kidogo kushoto na kulia ni sawa, ndivyo ilivyoundwa. Kusogea juu na chini, hata kwa kuhisi tu, ni krenki ya kufanyiwa kazi. Ikiwa juu na chini imetulia, injini yako ni nzima kwa sehemu iliyo ghali zaidi.

Kisha angalia viinua valvu pale vinapokanyaga kamshafti. Vikiwa laini na vinang'aa, rudisha. Vikiwa vimechimbika, badilisha viinua na kamshafti pamoja, maana kipya juu ya kilicholika hakidumu.

Na kuna kitu ambacho mafundi wengi wa mtaani hawakigusi kabisa. CG haina filta ya karatasi. Ina wavu chini, na ina kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki upande wa klachi, kinachotupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Uchafu huo unaganda humo. Fungua kava ya kulia, fungua kikombe, utaona tope jeusi gumu la miaka yote. Lisafishe. Unaweza kubadilisha oili kila mwezi na tope hilo likabaki palepale.

Fundi wa mashini, Kariobangi

Nimeipenda hiyo. Niongeze upande wangu, maana nyie mnatuletea kazi halafu mnalaumu mashini.

Usilete silinda peke yake. Leta silinda pamoja na pistoni utakayotumia. Pistoni za ukubwa wa ziada hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Mimi siwezi kupanua silinda kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Naipima pistoni yenyewe, chini kwenye sketi (sehemu ya chini ya ubavu wake), upande ulio mraba na pini, halafu naifuata hiyo. Mtu akiniambia "fanya tu hamsini, pistoni nitanunua baadaye", namrudisha.

Silinda ikishapanuliwa lazima iachwe na mikwaruzo myembamba ya kupishana, ndiyo inashika oili hadi ringi zikubaliane na ukuta. Halafu mwenye nayo aioshe nyumbani kwa maji ya moto na sabuni, si petroli peke yake. Petroli haitoi unga wa jiwe uliobaki kwenye mikwaruzo. Pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya majivu, osha tena. Ukimaliza kausha na upake oili papo hapo.

Na jamani, duka likikuuzia pistoni ya 62 ukaambiwa "ni ya CG", hiyo ni ya ile 150. Nendeni na venia, kile kipimo cha milimita.

Mwanzisha uzi

Asante sana fundi. Hayo ya sabuni yawekwe juu ya kila mlango wa gereji.

Twende tangi, kwa sababu nimeona watu wengi wakiharibu matangi mazuri. Kuna wanaomwaga tindikali ya betri ndani. Inatoa kutu kweli, lakini inaendelea kula chuma, inababua rangi ya nje ikimwagika, na ikikurukia jicho hadithi ni nyingine. Kuna wanaotia kokoto na kutikisa hadi tangi lipate vidonda.

Mimi natumia umeme na magadi. Hiyo soda ash ya Ziwa Magadi, yetu wenyewe, inatosha. Kwanza tangi lioshwe kabisa kwa maji na sabuni hadi harufu ya petroli iishe. Hili si la kujadiliwa. Ziba pale koki inapokaa, jaza maji yenye magadi vijiko vichache kwa kila lita. Chukua kipande cha chuma cha kawaida, kama kipande cha nondo, kitundike ndani kupitia mdomo wa tangi, ukishikilie kwa mpira kisiguse tangi popote. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, utakula tangi badala ya kutu. Povu litapanda, nondo itavaa uchafu mwekundu, utaitoa na kuisugua mara kwa mara.

Mambo mawili hapa ni ya uhai. Povu hilo lina haidrojeni, hewa inayolipuka, kwa hiyo mlango uwe wazi, hakuna sigara, hakuna jiko, na uzime chaja ukutani kabla ya kugusa klipu, maana cheche ndogo inatosha. Pili, usitumie chuma kisichoshika kutu kama vile kijiko cha jikoni. Kikiyeyuka humo kinatoa kromi ya sumu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba rangi ya nje inabaki. Kama tangi lako bado lina rangi ya kiwandani, hata ikiwa imefifia na ina mikwaruzo, fikiri sana kabla ya kuikwangua. Rangi mpya unaweza kupaka wakati wowote. Ile ya kwanza ikishaondoka haitarudi.

Mdau wa Kitengela

Mzee, baada ya hapo nipake ile dawa ya kuziba tangi ndani?

Mwanzisha uzi

Kama tangi halivuji, hapana. Likaushe haraka, lipakwe mafuta ndani siku hiyohiyo kwa sababu chuma kilicho wazi kinashika kutu kwa saa chache, kisha lijazwe petroli. Dawa ya kuziba ni ya tangi lililotoboka. Ikipakwa juu ya kutu iliyobaki, inabanduka vipande vipande na kuziba kabureta.

Umeme sasa. CG za mwanzo ni volti 6 na platini. Watu wanazilaumu bure. Taa hafifu kwa kawaida ni ardhi mbovu: waya umefungwa kwenye fremu juu ya kutu au juu ya rangi. Futa kila kiungo hadi king'ae, kaza, halafu ndipo uhukumu. Platini inataka nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 ikiwa wazi kabisa, na inapaswa kuanza kufunguka alama ya F ya flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa krenki) inapokutana na alama ya injini. Plagi 0.6 hadi 0.7. Valvu 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi, pistoni juu kwenye mgandamizo, alama ya T. Fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, ni kitu cha bei ndogo, hakuna sababu ya kukisia kwa sikio. Na flaiwili inatolewa kwa kivutaji chake (puller) chenye hesi, haitolewi kwa nyundo.

Breki: usipulize vumbi la ngoma kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Viatu vya zamani vingi vilikuwa na asbestosi, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Loanisha, futa kwa kitambaa, funga kwenye mfuko, tupa. Viatu vipya ni vya bei ya boda, hakuna haja ya kubana hapo.

Tairi nazo. Tafuta msimbo wa DOT ubavuni. Zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina tarakimu nne mwishoni, wiki na mwaka. Ukikuta tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya 2000, na haifai barabarani hata kama ina meno mazuri kiasi gani.

Mdau wa Mombasa

Kaka, yangu niliinunua huko Nairobi ikienda vizuri sana. Nimeifikisha huku pwani inapata joto na inakata ikiwa mbio. Fundi wa huku anasema ni pistoni. Nifungue?

Mwanzisha uzi

Kaka, usifungue kitu bado. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya huko kwenu. Kabureta ya kiwandani ikija hapa inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi, kwa hiyo aliyeitunza kabla yako huenda aliweka jeti kuu (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi. Imerudi kwenye hewa nzito, sasa petroli haitoshi, injini inapata joto. Soma namba kwenye jeti, rudisha ya kiwandani, halafu angalia plagi baada ya mwendo wa kasi: rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Nyeupe kabisa ni hatari, na ukiendelea nayo hivyo hiyo pistoni itakufa kweli. Angalia pia kama mpira kati ya kabureta na injini una ufa. Mpira wa zamani hupasuka upande usioonekana na kuvuta hewa humo.

Mzee wa Ngong

Vijana, nimefurahi kusoma. Sisi tulizitumia hizi zikiwa mpya. Swali langu: pale Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa vizuri, na pikipiki zina madaraja yake. Mtu mwenye pikipiki ndogo kama hii anaweza kusimama pale kweli, katikati ya zile kubwa za Uingereza?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Anaweza, na ningependa kuona CG nyingi zaidi pale. Majaji wanachungulia chini, wanaangalia injini, wanaangalia kama taa na honi zinafanya kazi. Na pikipiki iliyowabeba walimu na maafisa wa kilimo wa nchi hii inastahili heshima ileile inayopewa Triumph. Mzee, kama una picha za siku hizo zinazoonyesha rangi na michirizi ya tangi ilivyokuwa, tafadhali ziweke hapa. Stika za kuiga zinazouzwa nyingi zina makosa, na kumbukumbu zenu ndizo zinazoweza kuturekebisha.

Dada wa Buruburu

Habari zenu. Baba aliniachia Yamaha DT175. Haijawashwa muda mrefu, kiki inashuka vizuri. Kaka mwanzisha uzi, je, haya yote yanaihusu? Nina nafasi ndogo nyuma ya nyumba na hamu kubwa.

Mwanzisha uzi

Dada, pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza. Tangi, breki, tairi, nyaya, bisibisi ya JIS: yote yanakuhusu. Injini ni habari nyingine, kwa sababu hiyo ni ya mipigo miwili. Haina valvu za kupima, wala oili ya chini hailishi pistoni. Pistoni inapata oili kutoka tangi dogo la pembeni kupitia pampu.

Kwa hiyo mambo mawili kwako yanatangulia yote. Sili za krenki, kushoto na kulia, mpira wake hukauka pikipiki ikilala. Ya upande wa umeme ikivuja, injini inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), na pistoni inashika ukiwa barabarani. Ya upande wa klachi ikivuja, inakunywa oili ya gia na kutoa moshi mweupe usioisha. Zibadilishe bila kusubiri dalili. La pili ni hiyo pampu: inaweza kuwa na hewa ndani au imekwama. Hadi uhakikishe kwa macho yako kwamba inasukuma oili, changanya oili ya mipigo miwili moja kwa moja kwenye petroli, sehemu moja kwa thelathini.

Tundu lake ni milimita 66, na pistoni yake huipati kwenye duka la boda, kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote akupanulie silinda kabla hujaishika pistoni mpya mkononi. Toa plagi kwanza, mulika tochi tunduni, utuambie ukuta wa silinda una mikwaruzo ya wima au ni laini. Tuma picha hapa, na yule fundi wa Kariobangi ataitazama.